POMBE NA DAWA ZA KULEVYA: Ukiwa Mbulu au Hanang, unaanzia wapi kupata matibabu?



Leo naweka siasa pembeni kidogo. Kuna swali naulizwa sana mtaani, sokoni, hata kwenye basi la Babati: "Ndugu yangu amezidiwa na pombe, nimpeleke wapi?" Wengine wanauliza kuhusu bangi, wachache kuhusu unga. Nimeona bora niyaweke yote mahali pamoja, ili mwenye kuweza akachapishe na kumpelekea mama au baba ambaye hana intaneti.

Nianze kwa kusema ukweli kwamba mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne. Nilichofanya ni kukusanya yanayofahamika kitaalamu na kuyaweka kwa lugha yetu, nikiyapanga kwa mazingira ya kwetu huku. Ukifika hospitali, neno la daktari ndilo la mwisho.

Na kama huna muda wa kusoma yote, soma hili moja tu: MTU ALIYEZOEA KUNYWA SANA KILA SIKU USIMFUNGIE NDANI AACHE GHAFLA. Anaweza kufa. Mpeleke hospitali, aachie huko chini ya uangalizi. Sababu nazieleza hapo chini.

1. HUU NI UGONJWA, SIYO TABIA MBAYA TU

Kwetu tukimwona mtu amelala mtaroni tunasema "huyo kajitakia". Wataalamu wa afya duniani hawasemi hivyo. Wanauita uraibu, na wanauweka kwenye orodha ya magonjwa. Pombe na dawa zikitumika muda mrefu zinabadilisha namna ubongo unavyofanya kazi, mpaka mtu anatumia siyo kwa raha tena bali ili ajisikie wa kawaida. Ndiyo maana kumtukana au kumchapa hakusaidii. Huwezi kumchapa mtu wa kisukari akapona!

Lakini pia si kila anayekunywa ni mgonjwa. Kwetu pombe ina nafasi yake. Pombe ya mtama au ya asali ipo kwenye harusi, kwenye kazi za pamoja shambani, kwenye baraka za wazee, kwa Wairaqw na kwa Wadatoga pia. Shida inaanza pale pombe inapomtawala mtu.

2. UTAJUAJE KAMA IMESHAKUWA SHIDA?

Kuna maswali manne mafupi ambayo madaktari wa nchi nyingi hutumia. Jiulize, au muulize ndugu yako kwa upole:

- Umewahi kuona kwamba inabidi upunguze kunywa?
- Watu wakikusema kuhusu unywaji wako, inakuudhi?
- Umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa sababu ya kunywa?
- Asubuhi ukiamka inabidi kwanza unywe kidogo, yaani kuzimua, ndiyo mikono itulie?

Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, ni vizuri kuonana na mtaalamu. Hilo la nne ndilo zito zaidi. Mtu anayezimua kila asubuhi mwili wake umeshafungwa na pombe.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso refu zaidi la maswali 10. Hapa Tanzania lilipimwa kwa Kiswahili kule Moshi, hospitali ya KCMC. Watafiti wa huko walitengeneza pia huduma inayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako: mhudumu anakaa na majeruhi aliyekuja hospitali na kuzungumza naye kwa muda mfupi kuhusu unywaji wake, bila kumhukumu. Nalitaja kwa sababu linatuonyesha kwamba matibabu si lazima yaanze na sindano. Yanaweza kuanza na mazungumzo.

Na tusidanganyane kuhusu kipimo. Bia moja ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi. Bilauri ya mililita 200 ya gongo yenye nguvu ya asilimia 30 ina kama gramu 47. Yaani anayesema "nimekunywa glasi mbili tu" amekunywa karibu sawa na bia tano. Na gongo haina lebo, leo ina nguvu hii, kesho ile.

3. KWA NINI KUACHA GHAFLA NI HATARI

Hapa ndipo watu wanapopoteza ndugu zao bila kujua. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla unachachamaa. Mambo huwa yanakwenda hivi:

- Saa 6 mpaka 24 tangu glasi ya mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi.
- Ndani ya siku mbili za kwanza: anaweza kudondoka na kukakamaa kama mtu wa kifafa.
- Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi: baadhi yao huweweseka, wanaona vitu visivyokuwepo, hawajui wako wapi, joto linapanda. Hii bila matibabu inaua.

Sasa fikiria kijijini. Familia imechoka, inamfungia baba kwenye chumba au ghala ili "pombe itoke". Siku ya pili anakakamaa. Siku ya tatu anaongea na watu wasioonekana. Majirani wanasema karogwa, au ana mashetani, au ni kifafa. Anaitwa mganga wakati aliyehitajika ni daktari. Kuna kaya moja huku kwetu mambo yalifika hapo hapo, bahati akapita kijana wa jamaa yao aliyewahi kusikia habari hizi, wakatafuta gari usiku huo huo. Yule baba yuko hai. Wengine hawakupata bahati hiyo.

Kwa hiyo, kama mgonjwa anakunywa kila siku na mnasubiri usafiri wa kesho, msimnyang'anye pombe yote usiku huu. Mwacheni apate kidogo cha kumtuliza mpaka mfike hospitali. Najua inasikika vibaya, lakini ndiyo salama kuliko kukata ghafla. Akishaanza kukakamaa au kuweweseka hiyo ni dharura, ondokeni mara moja. Na msimpakie kwenye bodaboda, ataanguka. Tafuteni gari, alazwe ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Vidonge vya usingizi au vya kutuliza kama Valium ni vile vile: aliyevizoea akiviacha ghafla anaweza kukakamaa.

4. NGAZI ZA KUPITA

Zahanati ya kijiji na kituo cha afya. Hapa ndipo pa kuanzia kama hali si ya dharura. Mwambie mhudumu wazi kwamba tatizo ni pombe au dawa. Usiseme "anaumwa tumbo" halafu ukategemea akisie. Omba barua ya rufaa.

Wilaya ya Mbulu. Mjini kuna Hospitali ya Mji wa Mbulu. Kwa upande wa halmashauri ya wilaya kuna Hospitali ya Kilutheri Haydom, ambayo ni ya KKKT Dayosisi ya Mbulu na imekuwa ikihudumia watu tangu mwaka 1955. Haydom wana idara ya afya ya akili, na hiyo ndiyo unayotakiwa kuiulizia ukifika mapokezi. Watu wengi wanazunguka kwa sababu hawajui waulizie nini. Sema: "Naomba kuonana na watu wa afya ya akili, tatizo ni pombe." Basi.

Wilaya ya Hanang. Katesh kuna hospitali ya wilaya, ile inayojulikana kama Tumaini. Walioko upande wa Basotu wengine wanaona Haydom ni karibu zaidi. Hakuna ubaya, nenda panapofikika.

Mkoa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara iko Babati. Toka Katesh ni lami tupu.

Taifa. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, imekuwepo tangu enzi za Waingereza. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati ikamilike kwa lami na kufunguliwa mwaka 2018, safari ya kilomita kama 250 imekuwa nyepesi. Najua jina la Mirembe linatisha watu. Ukimwambia mtu "utapelekwa Mirembe" anaona umemwita chizi. Jamani, ni hospitali kama nyingine, na ina kitengo cha waraibu eneo la Itega.

Mtu mwingine muhimu ambaye tunamsahau ni afisa ustawi wa jamii. Yupo halmashauri na yupo hospitalini. Kama familia haina uwezo wa kulipa, yeye ndiye wa kumwona kuhusu msamaha. Mwone KABLA ya kulipa au kukimbia bili, siyo baada.

Na kuna simu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina namba ya bure 119. Unaweza kuulizia huduma za waraibu zilizo karibu nawe.

5. HOSPITALI WATAMFANYA NINI?

Watu wengi wanaogopa kwa sababu hawajui. Kwa ufupi ni hivi.

Kwanza wataongea naye na kumpima: presha, ini, sukari, nk. Wataangalia kama ana ugonjwa mwingine, maana mlevi wa muda mrefu anaweza kuwa na TB au utapiamlo bila kujua.

Pili, kama amefungwa na pombe, watamlaza siku kadhaa, mara nyingi kama wiki hivi. Atapewa dawa ya kutuliza mwili, kwa kawaida diazepam, ambayo wanaipunguza taratibu mpaka inaisha. Atapewa pia vitamini B1, kwa sababu pombe huimaliza mwilini na kuikosa kunaharibu ubongo.

Tatu, ushauri nasaha, na hii ndiyo kazi kubwa. Ile wiki moja inatoa pombe mwilini tu. Kichwani bado ipo! Lazima ajifunze kwa nini anakunywa, ni saa ngapi hamu inamjia, na akijisikia hivyo afanye nini. Inachukua miezi.

Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza mbili, acamprosate na naltrexone, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Muulize daktari kama mgonjwa wako anafaa na kama zinapatikana.

ONYO: kuna dawa nyingine, disulfiram, ambayo mtu akiinywa kisha akanywa pombe anaugua vibaya sana. Ni dawa halali, lakini mgonjwa lazima ajue na akubali. Wapo wanaouza "unga wa kuachisha pombe" na kukwambia umchanganyie kwenye uji kwa siri. Usithubutu. Unaweza kumpoteza na kesi ukapata.

Mambo ya kubeba: dawa zote anazotumia, kadi ya bima kama ipo, na mtu wa karibu anayejua anakunywa nini na kiasi gani. Kama ni mzee asiyeelewa Kiswahili vizuri, aende na mtu wa kumtafsiria Kiiraqw au Kidatoga, ila awe mtu anayemwamini. Mzee hawezi kueleza mambo yake mbele ya mkwe.

6. WA UNGA, BANGI NA MIRUNGI

Unga (heroini). Mtu wa unga akikosa anapata arosto: maumivu, kuhara, kutapika, mafua. Kuna dawa ya methadone, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2011 pale Muhimbili, na baadaye ikasambazwa Mwananyamala, Temeke, Mbeya, Mwanza, Dodoma (Itega) na kwingineko. Inatolewa bure. Lakini jua hili kabla hujasafiri: mgonjwa huinywa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, hasa mwanzoni. Kwa hiyo kijana wa Dongobesh au Katesh hawezi kwenda na kurudi, inabidi apate pa kukaa karibu na kliniki. Piga kwanza 119 ujue ipi ni ya karibu. Na aliyeacha unga kwa muda akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa pale pale, maana mwili umeshasahau.

Methadone HAITIBU pombe wala bangi. Nimesikia watu wakiitafuta kwa ajili ya mlevi wa gongo. Mnapoteza nauli.

Bangi na mirungi. Hizi hazina dawa mbadala. Tiba yake kubwa ni ushauri. Lakini kama kijana ameanza kusikia sauti, kuhisi anafuatwa au kukosa usingizi siku nyingi, huyo ni wa hospitali, idara ile ile ya afya ya akili.

7. GONGO INAYOPOFUSHA

Gongo ni haramu kisheria, lakini wote tunajua ipo. Hatari yake si nguvu tu, kuna kuchanganywa na spiriti yenye methanoli. Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 au zaidi: kuona ukungu, kichwa kuuma vibaya, kutapika, kuhema haraka. Ukiona macho yanafifia usilale usubiri asubuhi, nenda hospitali na useme ulichokunywa. Wenzetu Kenya walizika makumi ya watu Mei 2014 kwa pombe ya namna hiyo, na Februari 2024 Kirinyaga wakafa wengine.

Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, na tangazo lenyewe Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alilitoa humu humu mkoani kwetu, Mirerani. Ilisaidia, hasa kwa wanafunzi. Lakini aliyekuwa ameshafungwa na pombe hakupona kwa sababu kiroba kimeondoka dukani. Alihamia kwingine. Marufuku bila matibabu ni nusu ya kazi.

8. AKIRUDI NYUMBANI

Hapa ndipo tunapofeli wengi. Mtu katoka hospitali mzima, anarudi kwenye nyumba ambayo pombe inapikwa uani. Tuseme ukweli bila kumlaumu mtu: akina mama wengi huku wamesomesha watoto kwa pombe ya kienyeji. Ukimwambia mama aache kupika leo, kesho ada inatoka wapi? Hilo familia ikae ilizungumze kabla mgonjwa hajarudi. Hata kama pombe haiwezi kuachwa mara moja, angalau ipikwe na kuuzwa mbali na pale anapolala. Pia ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya vikundi vya wanawake.

Mengine ya kusaidia:

- Apewe kazi ya mchana, hata ndogo. Mikono mitupu inarudi kilabuni.
- Kwenye sherehe apewe maziwa au soda bila maneno. Wazee wakitangulia kusema "huyu hanywi", vijana hawatamcheka.
- Asikose tarehe za kliniki hata akijisikia vizuri.
- Watu wawili watatu walioacha wakutane kila wiki. Chama cha walevi walioamua kuacha kilianza Marekani mwaka 1935 na watu wawili tu. Ukumbi hauhitajiki, chini ya mti panatosha.
- Akiteleza akanywa tena, msiseme "tulijua tu". Wengi huteleza kabla ya kusimama. Mrudisheni kliniki mapema.

Kwa ndugu zangu wa Hanang naongeza neno. Tangu maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoua zaidi ya watu 80 pale Katesh na vijiji jirani, wapo waliobaki na maumivu ambayo hayaonekani. Serikali ilileta wataalamu wa ushauri wakati ule. Kama kuna mtu alianza kunywa baada ya pale, tatizo lake si pombe peke yake, ni msiba ambao haujaisha. Mwambieni daktari hivyo hivyo.

9. MASWALI YA HARAKA

Nikienda hospitali nitakamatwa kwa kuwa nilitumia dawa? Kazi ya muuguzi ni kukutibu, na siri yako anatakiwa kuitunza. Ila usiende umebeba dawa mfukoni.

Mgonjwa hataki kwenda, nifanyeje? Usimwendee akiwa amelewa. Ongea naye asubuhi, mtu mmoja anayemheshimu, na omba jambo dogo: "twende tukapime ini tu." Akishakuwa hatari kwake au kwa wengine, sheria ya afya ya akili ya mwaka 2008 inaruhusu kulazwa bila hiari kwa kufuata utaratibu. Mwone afisa ustawi wa jamii, msimfunge kamba wenyewe.

Maombi yanasaidia? Imani imewashika wengi wasirudi nyuma, na padri, mchungaji au shehe anaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini mgonjwa anayekakamaa apelekwe hospitali kwanza, maombi yafanyike njiani.

Nimemaliza, wadau. Kama uko Haydom, Katesh, Dongobesh au Basotu na unajua huduma nyingine iliyo hai, iandike hapo chini kwenye maoni tuiongeze. Ila naomba sana, msitaje jina la mgonjwa wala familia yake. Na kama nyumbani kwako yupo wa kupelekwa, basi la asubuhi linatosha, usisubiri mavuno.

Nawakilisha.